Mkono Uliofunikwa

Glavu zilikuwa nyeupe mno kwa nyumba ile. Zilikaa juu ya meza ya sebuleni kama wageni waliowahi kufika kabla wenye shughuli hawajaoga, na kila aliyepita alizitupia jicho kisha akapita kwa mbali, asije akazichafua kwa pumzi.

"Hizi za nani?" baba akauliza asubuhi ile.

"Zako," binti yake akajibu.

"Zangu! Mimi nimekuwa daktari wa upasuaji tangu lini?"

Baba alikuwa fundi wa betri za magari, na mtaa mzima ulimwita Mzee Chaji. Ilisemekana, na msemaji mkuu alikuwa yeye mwenyewe, kwamba aliwahi kufufua betri iliyokwisha kuzikwa, na gari lilipowashwa likapiga honi lenyewe kwa furaha mpaka mwenye gari akalia. Hayo ukitaka unayaamini, hutaki unayaacha. Lakini mikono yake haikuhitaji kutiwa chumvi. Maji ya betri yalikuwa yameila miaka na miaka, polepole, kama panya anavyokula gunia. Viganja vilikuwa vyeusi, vigumu, vimepasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Kucha zingine zilibaki nusu, zingine zilikwisha kwenda zao. Na mikono yote ilikuwa na harufu ya uchachu ambayo sabuni iliikemea tu, haikuweza kuifukuza.

Binti yake alikuwa mpokezi wa wageni hotelini. Mshahara wake ulitoka kwenye salamu: huyu apewe mkono, yule ainamiwe kidogo, yule mwingine atabasamiwe tu na asiguswe hata kwa bahati mbaya. Glavu aliziazima kwa wapagazi, wale wanaowafungulia wakubwa milango ya magari.

"Baba, nilishakueleza. Wakwe wanakuja leo, na salamu ya kwao siyo kama ya kwetu."

"Kwani ya kwetu ina kasoro gani?"

"Sisi tunaamkiana kwa mdomo. Habari za nyumbani, habari za kazi, kifua kimepoa, jirani amelipa, mpaka mtu anasahau alichokuja kufanya. Wao hawasemi kitu. Mdogo anaushika mkono wa mkubwa, anaugeuza, anabusu kiganja hapa katikati. Basi. Wakishakaa ndipo wanazungumza."

Baba akakigeuza kiganja chake, akakikagua mbele na nyuma. "Yaani vijana wa watu waje wanibusu hapa? Masikini. Watarudi kwao bila midomo."

Mama, aliyekuwa akipanga viti vya kuazima, akacheka mpaka akashika kiuno. Binti hakucheka. Mzaha huo huo, yeye alikuwa amelala nao wiki nzima, na kwake haukuwa mzaha.

"Ndiyo maana nikaleta hizi," akasema. "Watabusu glavu."

Baba akamtazama mwanawe, akatazama glavu, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake kama mtu anayetiwa pingu.

"Haya. Nivishe."

Akamvisha, kidole baada ya kidole. Mama akaja akasimama kando yao, ufagio mkononi.

"Umemuuliza mwenzako kama kwao hizi zinafaa?"

"Mama, hotelini hata mabalozi wanapokewa kwa glavu."

"Sikukuuliza mabalozi. Nimekuuliza mwenzako."

Hakuwa amemuuliza. Angeulizaje bila kutaja sababu? Mchumba wake, kijana mpima ardhi, mpole, asiyejua kuinua sauti hata kwa mbwa, alikuwa hajawahi kukutana na baba. Aliambiwa tu kwamba mzee yuko kwenye mambo ya umeme. Siyo uongo, binti alijiambia. Betri ina umeme.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Kwa watu wale posa haikamiliki kwa maneno wala kwa mali. Mkubwa wao, ambaye sasa ni bibi wa kijana, huja, hukaa, hula, hutazama. Wakati wa kuaga humpa msichana kiganja. Akikipata akakibusu, huyo ni mke wao. Yaliyobaki ni ngoma na nguo tu. Asipokipata, hakuna wa kumwombea. Kwa hiyo siku nzima, kwa binti, ilikuwa imesimama juu ya kiganja kimoja cha kikongwe ambaye hajapata kumwona.

*

Walifika jua limeanza kulegea. Bibi alitangulia, mdogo wa mwili, amejitanda shali ya rangi ya majivu. Nyuma yake alikuwepo mjomba, ndiye msemaji wa safari, kisha mchumba, na dada yake mkubwa akiwa amemshika mkono mwanawe mdogo wa kike.

"Karibuni, karibuni!" mama akavamia mlango. "Habari za safari? Habari za huko mtokako? Wazima wote? Na mvua je, imenyesha? Na miguu, mama, haikuvimba njiani?"

Wageni wakasimama kimya kama picha ukutani. Siyo kiburi, ndivyo walivyolelewa. Mama akadhani hawakusikia, akarudia kwa sauti ya juu, na safari hii akaongeza habari za mifugo, ambayo hakuna aliyejua kama wanayo. Binti akambana kiwiko. Mama akanyamaza katikati ya mbuzi.

Mchumba akatangulia, kwa kuwa ndiye aliyeingia kuomba. Akamwendea baba, akainama, akaupokea mkono kwa mikono yake miwili, akaugeuza. Midomo ilikuwa imeshakaribia alipouona weupe. Akaganda hapo hapo, mgongo umepinda, kama mtu aliyeinama kuokota kitu akakuta ni nyoka. Akageuza shingo kumtazama bibi.

Bibi alikuwa ameshatia mguu mmoja ndani. Wa pili ukabaki nje.

"Mzee," mjomba akasema taratibu, "tumekosa nini?"

"Mmekosa? Hamjakosa kitu. Ingieni, viti ndivyo hivi."

"Sisi kwetu mkono unafunikwa kwa watu wawili. Anafunikiwa maiti anapooshwa, na anafunikiwa mtu ambaye hutaki undugu naye mpaka kufa. Maiti hatumwoni hapa."

Dada mtu akamvuta mwanawe nyuma ya sketi. Mama akaziba mdomo kwa kanga. Na binti, ambaye kazini alikuwa na neno la kumpoza hata mgeni aliyekuta mjusi kitandani, alitafuta neno moja tu na halikuja. Maneno yote ya hoteli yalikuwa yamefungasha yakaondoka. Mbele yake aliuona mguu wa bibi uliobaki nje, kiatu chake cheusi kilichopakwa rangi upya kwa ajili ya safari hii.

Baba akamtazama binti. Mara moja tu, na kwa haraka. Kisha akakohoa.

"Jamani, nisameheni. Nilipaswa kutanguliza habari. Mimi ni mgonjwa. Nina maradhi ya ngozi."

Angeishia hapo ingetosha. Lakini Mzee Chaji hakuwa mtu wa kuanzisha hadithi akaiacha ina njaa.

"Yalinianzia kidole hiki kidogo. Nikasema, upele. Wapi! Yakapanda, yakashuka. Madaktari wameitana. Mmoja alikuja na miwani miwili, kaniangalia, kavua yote, kalia. Wakaniambia, mzee, mikono yako usiwaonyeshe watu wazima, sembuse watoto. Ndiyo nikafunika. Siyo kuwakataa ninyi. Mimi ninyi nimewasubiri kama mvua."

Bibi akautazama uso wake kwa muda mrefu. Kisha mguu wa pili ukaingia.

"Pole, mwanangu," akasema.

*

Waliketi, chakula kikaletwa, na huruma ikaketi nao. Ilikuwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililoumiza. Mjomba alimpa baba jina la mganga, halafu la hospitali, halafu la mganga mwingine aliyemponya shemeji yake ugonjwa ambao, kwa kweli, ulikuwa wa magoti.

"Na samahani kuuliza," dada mtu akasema, mwanawe akiwa mapajani. "Unaambukiza?"

"Hapana," baba akasema. Halafu, kwa kuwa aliona hadithi yake imelegea, "Yaani, siyo sana."

Hapo akajua ameharibu. Alichukua jagi ili awamiminie wageni maji, akazunguka nalo mwenyewe kama mwenyeji mwema. Glasi zikajaa. Hakuna aliyekunywa. Mtoto alitaka kuvigusa vile vidole vyeupe, akanyoosha mkono akicheka, na mama yake akaudaka mkono hewani. Baadaye akainuka, akaichukua glasi ya baba kwa leso, akaiweka peke yake kwenye ukingo wa dirisha.

"Tusije tukazichanganya," akasema kwa upole.

"Umefanya vizuri, mwanangu," baba akamjibu. "Hata mimi mwenyewe hujisahau."

Alipopata kiu hakuagiza aletewe. Alisimama, akaenda dirishani, akanywa akiwa amewapa mgongo, akitazama barabara kana kwamba kuna kitu kinapita. Mama alikuwa na upawa mkononi, na upawa ukabaki juu ya sufuria bila kuteka.

"Nasikia mzee yuko kwenye umeme," mjomba akasema, akitafuta mazungumzo mepesi.

Baba akageuka. Akamtazama tena binti yake. Hili alikuwa hajaambiwa.

"Ndiyo," akasema. "Umeme. Ule mdogo mdogo."

"Kazi njema. Basi usijali, siku ya harusi tutakupangia kiti kizuri, pale karibu na mlango. Watu wasije wakakusumbua kwa salamu."

"Mlangoni ni pazuri," baba akasema. "Kuna hewa."

Harusi. Neno lilikuwa limetoka, tena kinywani mwa msemaji wao. Binti alilisikia likianguka mezani kati ya sahani. Mchumba wake alimtazama kutoka upande wa pili akatabasamu, bega limeshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Bibi naye alikuwa anakula, na kikongwe anayekula vizuri hana vita. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu. Anyamaze mpaka sahani zitolewe, mpaka wasimame, mpaka mlangoni. Kunyamaza ni kazi nyepesi, hailipiwi hata nauli.

Baba alikuwa amerudi kitini. Alikula kwa kijiko, akikishika kwa shida, maana glavu zilikuwa zinateleza. Mchuzi ukamdondokea kwenye kidole cha shahada, doa dogo la manjano. Aliliona. Akaugeuza mkono polepole, akauficha chini ya meza, akahamishia kijiko kushoto, akaendelea kula kwa mkono ambao haukuzoea, huku akitazama kama kuna aliyemwona. Alikuwa anaitunza glavu ya watu isije ikamletea mwanawe deni hotelini.

"Baba siyo mgonjwa," binti akasema.

Alidhani amesema moyoni. Lakini vijiko vilikuwa vimesimama.

"Huyu naye!" baba akacheka haraka. "Furaha imempanda kichwani. Kaa ule, binti yangu."

"Baba siyo mgonjwa. Ni fundi betri. Mikono yake imeliwa na maji ya betri, haina ugonjwa wowote, haimwambukizi mtu. Glavu nimemvalisha mimi. Nimeziazima kazini. Sikutaka..." Akashusha macho kwenye sahani. "Sikutaka muione."

Mtoto peke yake aliendelea kutafuna.

"Uliniambia umeme," mchumba akasema, sauti ya chini.

"Betri ina umeme," akajibu, na papo hapo akajisikia anavyosikika. Uso ukamwaka mpaka masikioni. Dada mtu akaangalia glasi pale dirishani, akaangalia leso yake, akaikunja ikawa ndogo kabisa.

Bibi akafuta midomo. "Vua," akamwambia baba.

"Bibi, inanuka."

"Nimezaa, nimeuguza, nimezika. Pua yangu imeshasoma. Vua."

Baba akavua. Kitambaa kilikuwa kimenasa kwenye mipasuko, ikabidi akibandue kidole kimoja kimoja, akikunja uso. Bibi akauchukua mkono, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua kama mama anayenunua kitambaa sokoni akitafuta palipotoboka. Akabonyeza ufa mmoja kwa kidole gumba.

"Huu unauma?"

"Ukiingia chumvi."

"Na huu?"

"Huo wa zamani, bibi. Umeshasahau kuuma."

Watu wazima kwa watu wazima hawabusu. Huweka kiganja juu ya kiganja. Bibi akaweka chake juu ya kile cheusi, akakiacha hapo kwa muda. Kisha mchumba akainuka mahali pake, akaja, akainama, akabusu kama alivyopaswa kubusu mlangoni. Uso ukamkunjamana kwa uchachu, hata kabla hajauzuia.

"Pole, kijana," baba akasema. "Usiguse redio leo, utaiwasha."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, halafu mama, halafu wote, hata dada mtu, ambaye aliifuata ile glasi dirishani akairudisha mezani na kuinywea maji yeye mwenyewe, macho yakiwa chini. Binti alitaka kucheka nao. Alifungua mdomo, akaona hana mahali pa kuingilia.

*

Wakati wa kuaga bibi alisimama kizingitini, na kila mmoja akapita. Mama, ambaye hakuwa amebusu kiganja cha mtu tangu azaliwe, alisahau kwamba watu wazima hawabusu, akakibusu kwa mlio kama wa chupa inayofunguliwa, kisha akaona haya akaanza kuuliza habari za mifugo. Baba akapewa kiganja kwa kiganja. Binti alikuwa wa mwisho, ndivyo desturi yao inavyotaka.

Alikuwa amejifunza mbele ya kioo hotelini, wageni wakiwa wamepungua: goti moja lilegee kidogo, kichwa kishuke, mikono iungane chini kama bakuli. Akafanya hivyo. Akangoja. Aliziona nyuzi za pindo la shali ya bibi zikicheza kwa upepo. Aliviona viatu vyeusi. Mkono haukuja.

Alipoinua macho, mikono yote miwili ya bibi ilikuwa imeingia ndani ya shali.

"Siku nyingine, mjukuu wangu," bibi akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anavyomwambia muuzaji kwamba leo hatanunua. Akageuka, akateremka ngazi, mjomba akamshika kiwiko.

Mchumba akabaki nyuma hatua kidogo.

"Siku nyingine ya bibi siyo hapana," akasema.

"Ni lini?"

"Hajawahi kusema ni lini." Alisitasita. Siku zote walipoagana alimshika vidole, hata mbele ya watu. Leo alitazama upande wa gari, akatazama tena upande wake, halafu akiwa hapo hapo alipo akampungia mkono, vile mtu anavyompungia jirani wa mtaa wa tatu. Akaondoka.

Binti akasimama mlangoni, mikono bado imeungana. Majirani walikuwa wametoka kuangalia, na mmoja akauliza kwa sauti kama tayari wapige vigelegele. Mama akamjibu kwamba hata kama koo linamwasha kwa vigelegele, asubiri, kisha akamvuta mwanawe ndani na kufunga mlango.

"Ulikuwa umeshampata!" akasema kwa kunong'ona, machozi yakimlenga. "Mkononi, mwanangu, ulikuwa naye mkononi! Ungenyamaza kidogo tu."

"Mwache," baba akasema.

"Nimwache nini? Wewe mwenyewe umejitia ukoma kwa ajili yake, yeye anakwenda..."

"Mama wewe, nimesema mwache. Katazame chai."

Mama akaenda jikoni, na masufuria yakasema yaliyobaki. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuazima. Glavu zilikuwa mezani, moja na doa lake, na hakuna aliyezigusa. Binti akaketi sakafuni karibu na miguu yake.

"Baba, nisamehe. Nimekudanganyisha mbele za watu."

"Aa, hilo lisikusumbue. Kudanganya ni starehe yangu, unanijua. Yule daktari wa miwani miwili hata mimi nilimpenda." Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikamwisha, na alipozungumza tena sauti haikuwa ile ya Mzee Chaji wa barazani. "Pale mbele yao sikuumia sana. Wageni ni wageni. Niliumia asubuhi, uliponivisha. Umevisha kidole baada ya kidole, vyote kumi, na hukutazama. Ulikuwa unaangalia pazia."

Lilikuwa kweli, na hata rangi ya maua ya pazia lile alikuwa bado anaikumbuka.

Mkono wa baba ulikuwa juu ya goti, wazi, kiganja juu. Kwao hapakuwa na salamu ya mkono kati ya baba na mtoto, wala hapakuwa na ya kuombea radhi. Walikuwa na maneno tu, na maneno leo yalikuwa yameisha. Kwa hiyo alifanya kile ambacho hakukifanya asubuhi. Akautazama. Mipasuko, weusi, kucha zilizokwenda zao. Baba hakuukunja, wala hakutia mzaha. Alimwachia autazame, na binti akautazama mpaka macho yakamshinda.